Mlango wa Gereza la Kaunti

Ellen alipiga simu asubuhi moja ya mwezi wa tatu, nikiwa jikoni kwangu Evere, pembeni mwa Brussels, nikivunja pande la sombe, majani ya muhogo, lililotoka kwenye friza. Sikuitambua sauti. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima anayezungumza Kiingereza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na alipotaja jina lake nilivuta kiti nikaketi. Alisema mama yake, Dorothy, alikuwa amefariki wakati wa baridi, akiwa amepita miaka tisini, kitandani mwake, bila kuteseka. Nilimpa pole kwa Kiingereza kidogo kilichonibakia. Akaniambia anakuja Ulaya na mumewe, watapita Brussels, na kuna jambo anataka kuniuliza, lakini hapendi kuliuliza kwenye simu. Ni juu ya gereza, alisema. Nikamjibu aje, karibu sana. Nilipoweka simu mezani mikono yangu ilikuwa ya baridi, na baridi hiyo haikutoka kwenye sombe.

Watu wanaonijua hapa mjini hunichukua kuwa mwanamke asiyetishika. Nimewatunza wazee wa Kibelgiji majumbani mwao kwa miaka mingi, wengine nimewafumba macho kwa vidole vyangu, na katika mikutano ya kanisa mimi ndiye ninayetumwa kwenda kusema na mtu ambaye wengine wanamwogopa. Lakini tangu siku ile ya simu nilianza tena kulala na taa ya ukumbini ikiwaka na mlango wa chumba ukiwa wazi. Binti yangu Nadège, anayekaa ghorofa ya chini yangu, aliona ile taa akauliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni uzee. Watoto wangu walijua tu kwamba nilipokuwa msichana nilikaa Marekani mwaka mmoja, kwa sababu ya picha iliyoko sebuleni: mimi nimesimama kwenye theluji mbele ya jengo lenye kuba, nimevaa kofia ya sufi iliyonifunika mpaka kwenye nyusi. Kila Krismasi waliicheka ile kofia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini katika picha ile sitabasamu, nami sikuwahi kusema.

Jinsi nilivyofika kule haihitaji maneno mengi. Kanisa letu la Lubumbashi lilikuwa na urafiki na kanisa dogo la kaunti moja ya mashamba ya mahindi, katikati kabisa ya Marekani, na wakaomba wapelekewe msichana mmoja akae kwao mwaka mzima na kusoma shule yao. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mchungaji alinichagua mimi, na nadhani alinichagua kwa sababu alijua yaliyotupata nyumbani miezi michache kabla, akataka niwe mbali. Nilipokelewa na Dorothy na mumewe Walter, wakulima, pamoja na Ellen, binti yao wa pekee, aliyekuwa rika langu. Chumba nilichopewa kilikuwa juu, chini ya paa, kina kitanda cha chuma, mapazia ya maua ya njano, na tundu la mraba sakafuni lenye wavu wa chuma, ambalo kazi yake ilikuwa kupitisha joto la jikoni. Lilipitisha joto na maneno pia. Kiingereza changu nilikijenga kwa masikio zaidi kuliko darasani, nimelala kifudifudi juu ya zulia, nikimsikia Walter akieleza habari za trekta, Dorothy akipanga mboga za kesho, na wote wawili wakishusha sauti walipofika kwenye jina langu. "Hali chakula cha kutosha," alisema Dorothy. "Na anaruka kila mlango ukipigwa," alijibu Walter. Hayo niliyaelewa mapema.

Ni kweli nilikuwa sili. Walikula chakula cha jioni jua likiwa bado juu: nyama ya kusaga iliyookwa kama mkate, viazi vilivyopondwa, na kitu cha kijani kinachotikisika chenye vipande vya karoti ndani yake, ambacho wao walikiita saladi. Walter aliomba baraka akiwa amefumba macho kabisa, mikono yake mikubwa imefunika sahani. Mimi sikufumba. Katika nyumba ambayo milango haikufungwa kwa ufunguo mchana kutwa, sikuona kwa nini mtu afumbe macho. Barabara ilipita mbele ya dirisha, nyeupe, nyofu, bila mtu, na kila gari lililotokea mbali nililitazama mpaka lipite. Ellen aliniambia kwa upole kwamba lile ni gari la maziwa, au la jirani, au la mwalimu wa muziki. Baada ya muda alikuwa ananiambia kabla sijageuka.

Dorothy alikuwa na penzi moja kubwa nje ya nyumba yake, nalo lilikuwa historia ya kaunti yao. Juma la kwanza alinipakia garini akanizungusha mahali pote penye kibao cha shaba. Alinionyesha mahakama yenye kuba, ambayo saa yake ilichelewa na kila mtu alijua inachelewa kiasi gani. Alinionyesha nyumba nyeupe yenye nguzo alimozaliwa Jaji Garrett, mtoto wa kaunti aliyepanda mpaka akawa gavana wa jimbo zima. Tukaenda malishoni, kwenye jiwe linaloonyesha mahali ambapo Bi Idella, binti wa mfuga ng'ombe, aliruka na ndege ya mbao na kitambaa akashuka mzima, wakati wanawake wengine wa huko hawajaruhusiwa hata kupiga kura. Tukaona shule ya magogo na kaburi la mtu aliyebuni mashine ya kuchagua mbegu za mahindi. Nilipenda. Nilishangaa kwamba watu wachache hivyo, kati ya mashamba mengi hivyo, walimkumbuka kila mmoja wao kwa jina na kumwekea jiwe. Kwetu nilikotoka wakati ule, kutaja jina la mtu aliyeondoka kulikuwa ni kutafuta matatizo.

Mahali pa mwisho palikuwa gereza la zamani. Lilikuwa jengo dogo la mawe karibu na mahakama, lililojengwa na mafundi wa Kijerumani, na halikuwa limefunga mtu tangu enzi za babu zao. Chama cha historia cha kaunti, ambacho Dorothy alikuwa mwenyekiti wake, kililigeuza makumbusho. Chumba cha mbele, kilichokuwa jiko la mlinzi, kilikuwa na meza ya kupokea wageni na picha za watu mashuhuri. Nyuma yake palikuwa na seli moja, yenye kitanda cha chuma, dirisha dogo kama kiganja, na mlango wa nondo nene, na humo ndani, kwenye makabati ya kioo, waliweka vitu vya thamani zaidi, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine. Desturi ya wageni wote ilikuwa moja. Waliingia ndani ya seli, mwenzao akausukuma mlango ukajifunga kwa kishindo, wakashika nondo, wakakunja uso kama majambazi, wakapigwa picha, wakacheka. Siku ile familia moja ilikuwa humo, baba na watoto, wanacheka mpaka machozi. Dorothy akaniambia zamu yetu inakuja. Nilisikia kishindo cha mlango, nikasikia kicheko baada ya kishindo, na niliyoyaona baadaye ni majani ya uwanjani, kwa sababu nilikuwa nje nimepiga magoti natapika. Nilimwambia tumbo linaniuma. Nilikuwa nimewahi kuwa ndani ya chumba cha namna ile, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwa lugha yoyote.

Dorothy hakujua, na kwa kunipenda akanipa kazi. Kila Jumamosi nilikaa gerezani kupokea wageni. Aliamini itanifaa kwa Kiingereza, na ilinifaa kweli: niliyashika maisha ya Jaji Garrett na Bi Idella mpaka nikaweza kuyasema huku nikifikiria mengine. Wageni walifurahi kumkuta msichana wa Kiafrika akiwasimulia habari za babu zao, na wengine walinirudia na ndugu zao ili wanisikie. Nami nilitafuta kila njia ya kutoingia seli. Nilisimama kwenye kizingiti cha chumba cha mbele, nikanyoosha mkono kuonyesha makabati, nikaeleza saa ya mfukoni ya Jaji, ya dhahabu, yenye mnyororo, kana kwamba naiona, kumbe tangu siku ya kwanza nilikuwa sijaitazama. Hali ya hewa ikiwa nzuri nilipeleka kiti nje ukutani. Theluji ilipoanza, bado nilikaa nje, na ile picha ya sebuleni ilipigwa siku hiyo. Dorothy alidhani nafurahia theluji. Mlango ulipogonga nyuma yangu nilishika kiti kwa mikono miwili na kuhesabu mapigo ya moyo hadi ufunguliwe. Ulifunguliwa kila mara. Niliogopa kila mara.

Sikukuu ya kaunti ilipokaribia, watu wa chama wakaenda kusafisha makabati, na saa ya Jaji haikuwepo. Kioo kilikuwa kizima, kufuli zima. Niliyapata hayo kwa kupitia tundu la sakafu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, wajumbe wa chama walipokusanyika mezani kwa Dorothy na Ellen akatumwa juu kuja kukaa nami. Tulilala sote wawili kifudifudi, kichwa kwa kichwa. Bwana Garrett, mjukuu wa Jaji aliyepewa jina la ukoo wa mama yake, alisema hataki kumsingizia mtu, lakini kila mmoja pale mezani anajua ni nani anayekaa peke yake kule Jumamosi, na anatoka mahali gani, na mahali hapo watu wana shida gani. Nilisubiri Walter aseme neno, lakini Walter alikuwa mtu wa kusema na trekta. Aliyesema ni Dorothy. Alisema msichana yule anakula mezani kwake. Bwana Garrett akajibu kwamba ndiyo maana ni afadhali mkuu wa polisi amuulize, jambo liishe. Ellen alinishika mkono. Nilitaka kumwuliza wanafunga watu wapi siku hizi, kwa kuwa gereza lao limekuwa makumbusho, lakini Kiingereza kilikuwa kimenitoka chote, hata jina la kitu nilicholalia.

Mkuu wa polisi alikuja siku ya pili yake, mchana, Dorothy akiwa amenibakiza nyumbani Ellen alipokwenda shule. Aliitwa Roy, alisoma darasa moja na Dorothy utotoni, na alivua kofia alipoingia jikoni. Hakunifokea. Aliomba tu niende naye gerezani nimwonyeshe vitu vilivyokuwa vikiwekwa, na Dorothy akasema hataniacha niende peke yangu, akanipakia garini mwake tukamfuata. Kule, Roy alimwomba Dorothy asubiri chumba cha mbele, ili nijibu kwa maneno yangu mwenyewe. Akaniambia niingie. Sikuweza. Akadhani sijaelewa, akaweka mkono wake mgongoni kwangu, taratibu, kama mtu anayempisha mwanamke mlangoni, nikajikuta nimo ndani na yeye amesimama kati ya nondo, amejaza ule mlango wote. Aliniuliza saa ilikuwa kabati gani. Nikayatazama makabati, na sikujua, kwa sababu sikuwahi kuyatazama. Nilijua hivyo ndivyo mwizi anavyoonekana. Akaegemea mlango, naye labda alitaka tu kupumzisha mguu, na mlango ukasogea kidogo ukalia. Hapo nilianza kusema. Nilisema Kiswahili, nilisema, "Baba, sijui. Baba, nifungulie, nimeleta tu chakula," tena na tena, nikiwa nimerudi nyuma mpaka ukutani, na nikasikia joto likishuka miguuni kwenye soksi zangu nyeupe.

Dorothy aliingia akimsukuma kwa bega. Alikuwa mwanamke mfupi. Alikaa kando yangu sakafuni, juu ya yale maji, na gauni lake zuri. Hakuniuliza kitu. Akamtazama yule mwanamume aliyekua pamoja naye, akasema kwa sauti ya chini, "Toka nje, Roy. Na huo mlango usiuguse."

Roy alitoka. Nakumbuka alikuwa mwekundu hadi shingoni. Dorothy alinifunika na koti lake, akanirudisha nyumbani kwa njia ya nyuma, akafua sketi na soksi zangu kwa mikono yake kabla Walter hajarudi kutoka shambani wala Ellen kutoka shuleni. Jioni aliniletea supu chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka nikaimaliza. Alisema, "Siku ukitaka kuniambia, nitasikiliza. Usipotaka, ni vile vile." Sikumwambia. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile. Nilikaa nyuma ya pazia la njano nikiitazama barabara, nguo zangu zikiwa zimefungwa ndani ya sanduku, nikiwa na hakika kwamba gari litakalonichukua litakuja mchana, taratibu, na dereva wake atavua kofia.

Saa ilipatikana kanisani. Mama yake Bwana Garrett, Bi Eudora, binti wa yule Jaji mwenyewe, ajuza aliyetembelea fimbo mbili, alikuwa akinywa kahawa baada ya ibada watu walipotaja wizi. Akafungua mkoba wake akaitoa. Alikuwa na ufunguo wake tangu makumbusho yafunguliwe, akasema. Alimwomba mtu ampeleke, akaichukua, akaipeleka kwa fundi iamshwe, kwa sababu ilikuwa ya baba yake na alitaka kuisikia ikigonga kabla hajafa. "Hakuna aliyeniuliza," alisema, akaiweka sikioni, akaendelea na kahawa. Mwanawe alitazama viatu. Nilikuwepo. Nilidhani mtu atakuja kusema neno kwangu, na nilikuwa nimeandaa jibu la adabu. Bwana Garrett alimpa mkono Walter. Kisha, kuanzia Jumatatu, vyakula vikaanza kufika: pai ya tufaha kutoka kwa mke wa Garrett, bakuli la tambi na jibini, kuku aliyeokwa, keki tatu, zote zimefunikwa kitambaa safi na kuachwa barazani na watu walioondoka kabla ya kugonga. Dorothy alivipanga mezani akaniambia silazimiki kula hata kimoja. Nilikula vyote. Niliogopa kwamba nikiacha, wataona nimekasirika, na sikujua katika kaunti ile msichana aliyekasirika hufanywa nini.

Ibada ya Jumapili iliyofuata ilipokwisha, Walter hakuelekea nyumbani. Aliliegesha gari mbele ya gereza, akashusha sanduku la vifaa na kopo la mafuta. Yeye na Dorothy, wakiwa na nguo za kanisani, walizipaka mafuta bawaba za ule mlango, wakazigonga, wakazipumzisha, wakazigonga tena. Mimi na Ellen tulisimama uwanjani. Watu waliokuwa wakitoka kanisani walipunguza mwendo kutazama. Mwishowe mlango uling'oka, wakaubeba wakipepesuka, Dorothy upande mmoja na mumewe upande wa pili, wakaulaza nyuma ya gari na kuupeleka ghalani kwao, wakausimamisha nyuma ya marobota ya nyasi. Chama kilipouliza, Dorothy alijibu kwamba bawaba zilikuwa zimeoza na mtoto wa mtu angeumia. Alisema hivyo mbele yangu bila kunitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu mzima anaweza kuwa na siri yako bila hata kuijua ni nini, na akaitunza. Miezi iliyobaki niliingia ile seli mara nyingi. Niliingia haraka, nikatoka haraka, lakini niliingia, na saa ya Jaji niliitazama vizuri. Ilikuwa nzuri kweli.

Haya yote nilikuja nayo siku ya kuonana na Ellen, na bado sikujua anataka nini. Nilipanga tukutane Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, ndani ya Galerie d'Ixelles, kwenye mkahawa wa Béa, kati ya saluni mbili, kwa sababu pale kuna watu siku nzima na mlango wake ni wa kioo. Nadège aliomba ruhusa kazini aje kunisaidia Kiingereza. Ellen alikuja peke yake, mumewe amebaki hotelini. Alikuwa na nywele fupi nyeupe na viatu vya kutembelea milimani, na alipotukumbatia nilisikia harufu ya sabuni ya nyumba ile, au nilidhani nimeisikia. Béa, ambaye ni wa Kinshasa, alituletea bukari, ugali wetu, na sombe, akaziita fufu na pondu, tukabishana kidogo kama kawaida yetu. Ellen alikula kwa mkono, kwa uangalifu mkubwa. Kisha akanawa, akaeleza. Walipokuwa wakisafisha ghala baada ya mazishi waliukuta mlango. Chama cha sasa, vijana watupu, kilifurahi. Bawaba zinatengenezeka, wageni wanapenda picha, wanataka kuurudisha kwa ajili ya sikukuu ya mwaka huu. Lakini mama yake, siku zake za mwisho, alikuwa amemwambia neno moja kuhusu ule mlango: muulize Filo kwanza. Filo ndilo jina walilonifupishia, Philomène likiwashinda. Ellen alisema hajui anachopaswa kuniuliza. Yeye alikuwa shuleni siku ile. Alikumbuka tu soksi zangu zikikauka peke yake kwenye kamba.

Nadège alinigeukia, hakuelewa. "Maman, ni mulango gani? Anasema njo wewe unajua."

Ningeweza kujibu kwa kifupi. Ningeweza kusema wafanye wapendavyo, ni mlango wao, gereza lao, na Ellen angekubali na tungeagiza chai. Katika saluni ya upande wa pili msichana alikuwa akisukwa, anacheka na simu. Hofu ilikuwa ile ile ya siku niliyotapika uwanjani, na sasa niliiona vizuri inatoka wapi: sikumwogopa Ellen, wala kaunti yake. Nilimwogopa huyu mtoto wangu, aliyekuwa amekaa kuliani kwangu, kalamu mkononi, tayari kunisemea. Yeye alijua tu kwamba niliwahi kuwa na kaka aliyekufa.

Nilianza kwa Kiswahili, nikamwangalia yeye. Nikamwambia kwamba askari walimchukua yaya Séraphin, yule kaka yangu mkubwa, nyumbani, asubuhi, akiwa ananyoa ndevu, na walituambia yuko kambini. Mimi ndiye niliyempelekea chakula, kila siku, kwa sababu msichana mdogo hashukiwi. Mlinzi aliipokea sufuria mlangoni, akanirudishia ya jana. Siku moja hakuipokea. Alisema, "Leo ingia mwenyewe, mutoto. Yaya yako anakungojea." Nikaingia nikiwa na furaha. Chumba kilikuwa kitupu. Shati lake lilikuwa sakafuni. Wakachukua sufuria mikononi mwangu, wakausukuma mlango, na nikasikia wanacheka. Nikawasikia wakila pia, nje pale, wakisifu mboga ya mama. Walinifungulia jua lilipogeuka, wakaniambia ni mzaha tu, na sufuria ilikuwa imeoshwa.

Nadège alikuwa ametafsiri mwanzoni sentensi kwa sentensi, kwa Kiingereza chake cha ofisini, akisema "mimi" mahali niliposema mimi. Alipofika kwenye shati aliiweka kalamu mezani. Ellen hakumharakisha. Nilimgusa mkono, nikamwambia aendelee, maana yule mama amesafiri mbali. Akaendelea hadi mwisho. Alipomaliza, Ellen alikuwa ameficha mdomo kwa kitambaa cha karatasi, na Béa, ambaye Kiswahili chake si kizuri lakini kinatosha, alikuwa amesimama na sahani zetu bila kwenda nazo. Ellen aliniuliza kama anaweza kuwaambia wenzake. Nilimwambia awaambie yote, na jina la Séraphin alitaje.

Alinipigia simu baadaye, alipokwisha rudi. Walibishana sana, alisema. Mmoja alidai gereza bila mlango si gereza, mwingine akasema historia haiondolewi kwa sababu ya mgeni mmoja. Mwishowe mlango umerudishwa, lakini umefunguliwa wote na kufungwa kwa skrubu ukutani, hauwezi kusogea. Ellen aliuliza kama hilo linanitosha. Nilimwambia sijui. Bado nalala na taa.

Siku ile ya Matonge, tulipoachana na Ellen, mimi na Nadège tulitembea barabara ya Chaussée d'Ixelles hadi kituo cha basi cha Porte de Namur. Alinishika mkono kama nilivyokuwa nikimshika yeye alipokuwa mdogo katika barabara ile ile, vidole ndani ya vidole. Basi lilikuja, tukapata viti viwili nyuma. Nilingoja aniulize juu ya askari, juu ya kambi, kwa nini nilinyamaza miaka yote hii, na nilikuwa nimechoka, nimejikaza. Hakuuliza hayo. Aligeuka kutoka dirishani, akasema, "Donc, yaya Séraphin, alikuwaka anapenda nini?"

Sikuwa nimeulizwa hilo na mtu yeyote, wala sikujiuliza mimi mwenyewe. Kila nilipomkumbuka, nilikuta shati. Nikafungua mdomo nikidhani hakuna kitu, nikamwambia alipenda ukoko wa bukari, ule wa chini ya sufuria, na aligombana nasi sote kwa ajili yake. Kwamba alipiga mluzi vibaya na aliamini anapiga vizuri. Kwamba alicheza rumba na kiti, akakiomba kiti radhi akikikanyaga. Nadège alicheka, nami nikaendelea, mambo yakija moja baada ya jingine, mpaka nyumba za nje zikawa ngeni na dereva akasimamisha gari, akatuambia ni mwisho wa njia. Kituo chetu tulikuwa tumekwisha kipita zamani.